Kuchagua Kalibu ya Kusubia Puli Nzito

Fundi anayekusudia kusubu kitu kizito kitakachozunguka, kama vile puli ya mashine ya kusaga unga au gurudumu la mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, hana budi kuijua kalibu yake kabla ya kuujua moto wake. Maana moto ukikosea leo hurekebishwa kesho kwa makaa zaidi au kwa upepo zaidi wa feni, ilhali kalibu iliyochaguliwa vibaya huzaa kosa lile lile kila inapomiminiwa, na mwenyewe asitambue mpaka siku mteja atakapomrudia na puli iliyopasuka mkononi. Mwongozo huu, basi, unamhusu wewe uliye Pumwani au Shauri Moyo au Kariobangi, ambaye umekwisha kujifunza kuyeyusha alumini, una chungu chako cha kuyeyushia na koleo zako, na sasa unataka kutoka katika kazi ya kujaribu jaribu uingie katika kazi ya kupimika.

Mtaa wa Pumwani, uliowekwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya Waafrika waliokuwa wakiondolewa katika vijiji vyao vya kwanza vya Nairobi, haujapata kukosa mlio wa nyundo. Mafundi wa Kamukunji, hapo jirani, ambao Rais Daniel arap Moi aliwazuru mwaka 1985 na hatimaye wakajengewa mabanda ya kuwakinga na lile jua kali walilopewa jina lake, aghalabu ni watu wa bati: hukata, hukunja, hugonga, wakatoa majiko, makarai na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Kusubu ni kazi ya wachache zaidi, na wengi wao utawakuta Kariobangi, katika eneo la viwanda vidogo. Tafauti ya kazi hizi mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mgonga bati huliona kosa lake papo hapo, kwa kuwa bati halina tumbo. Msubu huyaficha makosa yake ndani ya madini bila ya kujua, akayauza pamoja na kilo zake. Ndiyo sababu nasema kwamba kalibu haihukumiwi kwa uzuri wa uso wa kitu inachokitoa, bali kwa hali ya kile kilichomo katikati yake, pale ambapo jicho halifiki.

Tuanze na aina. Kalibu ziko za mchanga, ambazo hutumika mara moja zikavunjwa; ziko za chuma, ambazo hufunguliwa na kufungwa tena mara nyingi; na ziko za nta na udongo, ambazo ni za wafua mapambo na masanamu, nasi hatutazijadili hapa. Watu wengi, wakishapata akiba kidogo, huvutiwa na kalibu ya chuma kwa sababu inang'aa, haiombi kuchekechwa mchanga kila asubuhi, na mwanagenzi anaweza kufundishwa kuitumia kwa muda mfupi. Maoni yangu ni kinyume cha hayo. Kalibu ya chuma ina maana pale tu unapotakiwa puli nyingi za kipimo kimoja, kwa mwezi na kwa mwaka, kwani sharti ikerezwe kwenye mashine kwa ustadi na kwa gharama, na ikishakerezwa kwa milimita 200 haitakupa 180 hata ukiibembeleza. Kazi ya Pumwani haiko hivyo. Leo anakuja mwenye kinu cha Kayole aliyevunjikiwa na puli ya ajabu isiyopatikana dukani, kesho anakuja mkulima wa Githunguri na gurudumu la mashine ya majani. Na kwa wateja wa namna hiyo mchanga ni bora mara nyingi, maana unachokibadilisha ni kiolezo cha mbao peke yake.

Iko sababu nyingine, nayo ni ya kimaumbile. Alumini ikimiminwa katika chuma hupoa kwa haraka upande wa nje, ikafanya ganda, na kitu kikiwa kinene ndani yake hubaki majimaji yaliyofungiwa. Yanapoganda hujikunja, na yasipopata madini mengine ya kujazia huacha pango. Mchanga hupoza kwa upole, ukakupa nafasi ya kuamua wewe mwenyewe ni wapi paanze kuganda na wapi pamalizie. Mwenye kuiweza amri hiyo ameiweza nusu ya kazi.

Mchanga wenyewe usiuchukulie kuwa jambo dogo. Ule wa kujengea, unaoletwa mjini kwa malori kutoka pande za Machakos, ni mkubwa wa chembe na huacha uso wa puli ukiwa na mikwaruzo. Sharti uuchekeche kwa chekeche la unga, na kilichobaki juu ya chekeche uwauzie waashi. Ule wa kandokando ya mto hapa Gikomba usiuguse, kwani umechanganyika na taka za kila namna, na taka zikikutana na madini ya moto hutoa moshi na mapovu. Kwa kila sehemu 100 za mchanga mkavu tia sehemu 8 hadi 10 za udongo laini uliopondwa na kuchekechwa, kisha maji kidogo kidogo, yasizidi sehemu 4 au 5. Kipimo cha mwisho kiko mkononi: chukua konzi moja, ifinye kwa nguvu, fungua vidole. Mchanga mzuri hubaki umeshika umbo la kiganja, alama za vidole zikionekana moja moja, na ukiuvunja katikati hukatika kwa ncha kali bila ya kumomonyoka. Ukiacha unyevu kiganjani, una maji mengi, na ukimwagika kama ungaunga, una machache. Usione haya kurudia jaribio hili mbele ya wateja. Maji yakizidi hugeuka mvuke ndani ya kalibu, na mvuke huo ama hutoboa puli, ama huirusha alumini juu hadi usoni pa aliyeimimina.

Kiolezo ndicho moyo wa kalibu ya mchanga, na hapo ndipo pesa zako zinapostahili kwenda. Tumia mbao kavu kabisa, isiyo na fundo, na kama mfuko unaruhusu, mvule. Mbao mbichi itasinyaa bila ya usawa inapokauka, na baada ya wiki chache utakuwa ukisubu puli yenye umbo la yai. Kiolezo sharti kiwe kikubwa kuliko puli unayoitaka, kwa sababu mbili. Kwanza, alumini ikiganda na kupoa hupungua kwa takriban milimita 13 katika kila mita moja. Pili, fundi wa mashine ya kerezo anahitaji nyama ya kukata, milimita 2 kila upande kwa uchache. Chukua mfano wa puli ya milimita 200: kupungua kwake ni milimita 2.6, nyama ya kukereza ni 4 kwa pande zote mbili, basi kiolezo chako kiwe cha milimita 206 na nusu hivi, na ukikifanya 207 hujadhulumu mtu. Usisahau kuziinamisha kuta zake kidogo, nyuzi 2 zinatosha, ili kitoke katika mchanga bila ya kuburura kingo. Anayekitoa kwa kukitikisatikisa ameongeza kipimo chenyewe, na kila siku ataongeza kwa kadiri ya hasira zake.

Mbona tunahangaika na milimita? Kwa sababu mwenye kinu hanunui puli, ananunua mwendo. Mota ya mizunguko 1440 kwa dakika, ikiwa na puli ya milimita 200, ikavuta puli ya kinu ya milimita 100, itakizungusha kinu mara 2880 kwa dakika. Ukimsubia puli ya kinu ikatoka milimita 95, kinu kitapanda hadi takriban 3030, na nyundo za ndani, ambazo mtengenezaji alizipimia mwendo maalumu, zitaanza kula vyuma vyao na kuchosha beringi. Mteja atasema mashine imerogwa. Hakuna aliyeiroga.

Sasa tufike penye uzito wa maneno. Puli ina sehemu mbili zenye tabia mbalimbali: ukingo wa nje, ambao ni mwembamba kiasi, na kitovu cha katikati kinachopitisha shafti, ambacho ni kinene. Chembamba huganda kwanza. Kinene huganda mwisho, na wakati kinapoganda hujikunja na kutafuta madini ya kujazia upungufu wake, akiba yoyote iliyo karibu ikiwa bado majimaji huivuta. Ikiwa yote imekwisha kuganda, hujivuta kutoka ndani ya nafsi yake, kukabaki tundu zilizochakaa kama sifongo. Alumini hupungua kwa zaidi ya sehemu 6 katika 100 inapotoka katika umaji kwenda ugumu, na pengo hilo lazima lijitokeze mahali fulani. Hekima ya kalibu ni kulifanya lijitokeze katika kisima, si katika kitovu.

Kisima ni shimo utakaloliacha juu ya kitovu, katika sanduku la juu la mchanga, lenye upana usiopungua upana wa kitovu chenyewe na kimo kinachouzidi kidogo, ambalo hujaa madini pamoja na puli na kubaki majimaji baada ya puli kuganda. Unapolikata baadaye kwa msumeno, ukaliona limeshuka katikati kama bakuli, furahi, maana kile kilichokosekana pale kimekwenda kulisha kitovu. Lisiposhuka hata kidogo, liliganda kabla ya wakati wake na halikulisha kitu. Ziada yake si hasara, hurudi chunguni. Wapo mafundi wanaokibania kisima kwa kuwa kinakula makaa, na hao hao ndio wanaolipia puli mara mbili.

Kalibu yoyote uletewayo, ya kununua au ya kukodi, iulize maswali haya machache: kitovu kinalishwa na nini? Tundu la kumiminia linaingilia wapi, kandoni palipo pembamba au juu ya unene? Hewa iliyomo inatokea wapi? Kama muuzaji anajibu kwa kukuonyesha jinsi kiolezo kilivyong'arishwa kwa vanishi, mrudishie.

Wala usiamini majibu, yakague. Puli ya kwanza itokayo katika kalibu mpya isiuzwe. Ipeleke kwenye jiliwa, uikate katikati ya kitovu kwa msumeno wa chuma, kisha uisugue sehemu iliyokatwa kwa tupa na msasa mpaka ing'ae. Hapo ndipo mwanagenzi atakapouliza, "Mzee, si tumeiharibu tayari?" na jawabu lake ni kwamba puli iliyokatwa imekwisha kulipa, kwa sababu zile zitakazofuata zitauzwa kwa ushahidi wake. Iweke kwenye mwanga wa jua, uinamishe huku na huku. Vishimo vya mviringo, vilaini kwa ndani, ni vya gesi: mchanga wenye maji, au alumini iliyochomwa kupita kiasi ikanywa hidrojeni. Vishimo vilivyopasukapasuka, vyenye meno meno, tena vimekusanyika katikati ya unene, ni vya kujikunja: kisima hakikutosha. Maradhi haya mawili yana dawa mbili mbalimbali, na anayeyachanganya hutibu homa kwa dawa ya jino.

Maarifa haya si mapya, na mtu anaweza kuyafuata nyuma hadi kwa wale waliokuwa wakisubu risasi za bunduki. Huko pwani, katika zama za gobori, kalibu ya risasi ilikuwa chombo cha msafara kama sufuria na blanketi: vipande viwili vya chuma vyenye mikono kama koleo, tundu juu, na madini ya risasi yakayeyushwa juu ya moto wa kuni, kwa kuwa huyeyuka kwa nyuzi 327 tu za sentigredi, wakati alumini hutaka 660. Risasi ya mviringo ya gobori haikudai ustadi mwingi. Lakini bunduki zilizokuja baadaye, zenye mikunjo ndani ya mtutu, zilirusha risasi ndefu na nzito. Ile ya Martini-Henry, bunduki iliyochukuliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1871, ilikuwa na uzito wa takriban gramu 31, ya madini ya risasi yaliyokazwa kwa bati, sehemu 12 kwa 1. Risasi ndefu huzunguka angani kwa kasi kubwa, na ikiwa na povu moja dogo lililofichika upande mmoja wa mhimili wake, uzito wake hauko katikati tena, ikapepesuka na kukosa shabaha.  Wasubu wa risasi nzito, kwa hiyo, walijua mambo ambayo msubu wa puli angefaa ayaazime: huipasha moto kalibu yao kabla ya kumimina, huipaka masizi kwa ndani ili madini yatambae vizuri, hukata mifereji myembamba ya kutolea hewa pale vipande viwili vinapokutana, kisha hupima kila risasi kwenye mizani na kuzirudisha chunguni zile zilizopungua, kwa sababu upungufu wa uzito katika vitu vya kalibu moja na madini mamoja hauna maelezo mengine ila pango la ndani.

Hapa sharti niseme jambo bila ya kuzunguka. Sheria ya Kenya ya silaha za moto, sura ya 114, haimruhusu raia kutengeneza silaha wala risasi bila ya idhini ya serikali, na uwindaji wenyewe umepigwa marufuku nchini tangu mwaka 1977. Akija mtu bandani kwako na mchoro wa kalibu ya namna hiyo, hata kama analipa vizuri, hata kama anasema ni ya maonyesho, mwambie hapana, naye aende zake.

Turejee kwenye mizani. Puli ya kwanza ipime kabla ya kuikata katikati, na uandike uzito wa ile itakayoonekana haina dosari ndani. Huo ndio uzito wa kalibu. Kila puli itakayofuata, baada ya kukatwa kisima na mlango wa kumiminia kwa namna ile ile, ipimwe; iliyopungua kwa zaidi ya sehemu 2 katika 100 iweke kando, tena usiipake rangi. Baada ya mizani, fanya jaribio la kuzunguka. Tia shafti iliyonyooka katika puli iliyokwisha kukerezwa, uilaze shafti juu ya vyuma viwili vilivyosawazishwa kwa pima maji, kisha uisukume taratibu na uiachie. Puli iliyo sawa itasimama popote. Yenye kasoro itarudi daima na kusimama upande mmoja chini. Tia alama ya chaki upande huo, sukuma tena, na ikirudi pale pale mara kadhaa umekwisha kuujua upande mzito, yaani umejua pia kwamba upande wa pili yake una upungufu. Upungufu ukiwa mdogo, toboa kidogo kwa keekee upande mzito mpaka puli itulie. Ukiwa mkubwa, usijidanganye kwa keekee. Kinachopungua ni madini ndani, na puli hiyo ni hatari ikizunguka kwa kasi.

Kuhusu kiasi cha madini ya kuyeyusha, usikisie. Jaza ndoo maji mpaka ukingoni, ukiwa umeiweka ndani ya karai, kisha ukizamishe kiolezo kizima polepole, ukikifunga kwa nailoni kisinywe maji. Maji yatakayomwagika katika karai ndiyo ujazo wa puli. Kila lita moja ya alumini ina uzito wa kilo 2.7. Kiolezo kilichomwaga lita 1.2 kinataka kilo 3.24, na kwa ajili ya kisima na mlango wa kumiminia uongeze theluthi hadi nusu ya hizo, ikawa kilo 4 na robo hadi karibu 5. Chungu kikiishiwa katikati ya kumimina, puli hiyo imekufa, na hakuna kumiminia juu yake tena, kwani madini ya pili hayatashikamana na yale yaliyokwisha kufanya ganda.

Madini yenyewe yachague kwa kazi yake. Pistoni za injini na maganda ya giaboksi yana silikoni ndani yake, katika pistoni mara nyingi takriban sehemu 12 kwa 100, na silikoni hiyo huifanya alumini itiririke vizuri na kupunguza mipasuko. Nyaya za umeme na sufuria kuukuu ni alumini iliyo karibu na safi, laini, isiyopenda kujaza pembe. Kwa puli, chagua pistoni. Tena nyaya ziepuke kwa sababu ya pili: Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka anayefanya biashara hiyo awe na leseni, na mwezi wa Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, serikali iliisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, mafundi waaminifu wakakaa bila ya kazi kwa dhambi za wengine. Dai risiti. Kipande chepesi mno usichokijua, kikwaruze kwa tupa kisha ukidondoshee siki; kikichemka mapovu ni magnesiamu, nacho kikishika moto hakizimwi kwa maji bali huchochewa nayo.

Na sufuria? Wengi watauliza, kwa kuwa sufuria nzito ya kusubu ina soko zuri kuliko puli, hasa mwezi wa Shaaban, watu wanapojitayarisha kwa Ramadhani. Kwa maoni yangu, bandani panaposubiwa puli kwa vyuma vya injini pasisubiwe chombo cha chakula. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vyombo vya alumini vya namna hii kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwamo, wakakuta baadhi yake vinatoa madini ya risasi katika chakula chenye uchachu. Na chanzo si fumbo, ni rejeta zenye lehemu, ni betri, ni chochote kinachotupwa chunguni ili kilo zifike. Madhara ya risasi kwa watoto wa nchi hii tumeyaona Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyushia betri kilifungwa mwaka 2014 baada ya wakazi kudhurika. Anayetaka kusubu sufuria na awe na chungu chake, upawa wake na madini yake peke yake.

Siku ya kumimina, kalibu ikiwa tayari, joto la alumini liwe kati ya nyuzi 700 na 730 kwa vitu vinene. Usiihukumu rangi yake juani, maana jua huificha nyekundu yake mpaka ikawa imepita kiasi, nawe utadhani bado. Ondoa mavi yake juu kwa upawa uliopashwa moto, kwani chuma chenye unyevu kikitumbukizwa ndani huripuka. Juu ya sakafu ya zege tandaza mchanga mkavu, kwa sababu zege lililomwagikiwa madini ya moto hupasuka na kurusha vipande. Viatu viwe vya ngozi, suruali iangukie nje ya viatu, na watoto wa jirani, ambao Pumwani hawakosekani penye moto, wawe nje ya uzio. Mimina kwa mkondo mmoja usiokatika, upawa ukiwa karibu na tundu, mpaka madini yajae kisima, kisha acha. Pupa ya kufungua sanduku kabla ya wakati hupinda ukingo, na puli ya kilo 3 iachwe nusu saa kwa uchache.

Kiolezo, baada ya kazi, kifute mchanga kwa brashi laini, kipake vanishi pale ilipokwaruzika, uandike kwa kalamu ya rangi, upande usiogusa mchanga, kipimo cha puli, nyama uliyoiongeza, ukubwa wa kisima kilichofaa na uzito wa puli iliyo salama. Kitundike juu, mbali na sakafu, hasa wewe uliye karibu na mto, ambako mvua za Aprili na Mei hupandisha maji mpaka ndani ya mabanda. Kiolezo kilicholowa hata mara moja kipimwe tena kwa bikari katika sehemu nne kabla ya kuingizwa mchangani.